Askari aliyetoka jeshini vibaya: arudi kwa mlango gani?

Mazungumzo ya radio juu ya amani na sheria. Tumeyapiga chapa ili yasomwe katika kambi za wahamiaji, makanisani, misikitini na katika mabaraza ya wakubwa wa mitaa, hata pale ambapo radio haisikiki au betri zimekwisha.



Mama mmoja anayeishi katika kambi ya wahamiaji wa vita alituletea swali. Alisema hivi: "Mtoto wangu alikuwa askari wa Serikali. Siku kikosi chao kilipovunjika, alivua nguo za jeshi akakimbia pamoja nasi. Sasa anataka kurudi jeshini, kwa sababu hapa kambini hana kazi, na watoto wake wanalala njaa. Wengine wanamwambia akirudi atafungwa. Wengine wanamwambia aingie kwanza katika kundi la porini, kiisha siku ya mapatano atapokelewa jeshini akiwa na cheo kikubwa kuliko kile alichoacha. Je, nimwambie nini?"

Swali hili si la mama huyu peke yake. Katika kila kambi ya wahamiaji kuna wanaume waliovaa nguo za jeshi zamani. Wengine walifukuzwa, wengine walitoroka, wengine waliachishwa kwa mpango wa Serikali, na wengine hawajui wenyewe waliachwa kwa njia gani. Na katika kila mtaa kuna sefu anayeombwa kuwaandikia karatasi ya mwenendo mwema. Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya jambo moja tu: mtu aliyetoka jeshini vibaya, je, anaweza kurudi, na kama anaweza, apite mlango gani?

Nitakupa jibu fupi kwanza, kiisha tutalifungua polepole. Mlango wa sheria upo, lakini ni mwembamba: watu wanaupita mmoja mmoja, kila mtu na jina lake na matendo yake. Mlango wa bunduki ulionekana kuwa mpana, na wengi waliupita kwa makundi. Lakini gharama yake ni sisi tuliyoilipa, na wewe unayelala chini ya shitingi unaijua kuliko mimi.

KUTOKA JESHINI KUNA NJIA NYINGI

Watu wanasema tu "alitoka jeshini", kana kwamba kutoka ni njia moja. Sheria haisemi hivyo. Katika nchi yetu hali ya askari imepangwa na sheria nambari 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013: namna ya kuingia, cheo, nidhamu, na namna ya kutoka. Makosa na adhabu yako katika sheria nambari 024/2002 ya tarehe 18 Novemba 2002, yaani kitabu cha adhabu za kijeshi. Tutazame njia zenyewe.

Kuna anayestaafu kwa umri. Kuna anayeomba kuacha kazi na wakubwa wakamkubalia. Kuna anayeachishwa kwa sababu ya ugonjwa au kilema. Hawa wametoka vizuri.

Kuna aliyeachishwa kwa mpango wa kuvua silaha. Baada ya mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002, Serikali ya mpito iliunda tume iliyoitwa CONADER. Wapiganaji walipelekwa katika vituo, wakaulizwa: unataka kubaki askari katika jeshi jipya, au unataka kuwa raia? Watu wazima zaidi ya 100,000 waliingia katika maisha ya raia kwa njia hiyo. Walipewa karatasi ya kuachishwa na msaada kidogo wa pesa. Huyu naye hakutoka vibaya. Lakini alichagua, na chaguo lake limeandikwa.

Kuna aliyefukuzwa na wakubwa wake kwa kosa la nidhamu. Kuna aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi, akavuliwa cheo na kuondolewa jeshini. Adhabu hiyo inamnyima hata haki ya kuvaa nguo na alama za jeshi. Hawa ndio waliotoka vibaya kwa maana kamili ya sheria.

Mwishoni kuna aliyetoroka. Hapa nakuomba usikilize vizuri, kwa maana ndipo wengi wanapojidanganya. Mtu aliyetoroka hajatoka jeshini. Mbele ya sheria yeye bado ni askari, lakini askari asiyeonekana mahali pake. Kutoroka ni kosa, na wakati wa vita kosa hilo linakuwa zito zaidi, likiwa na adhabu kali sana. Miaka ikipita, asidhani kwamba amegeuka raia kwa sababu tu ameoa, amelima na amezoeleka mtaani.

Kwa hiyo mtoto wa yule mama haombi kuandikishwa upya. Jambo lake ni kujionyesha na kueleza. Na kujieleza kwake kuna uzito. Hakimu atauliza: Je, uliondoka kikosi kikiwa imara, au baada ya kikosi kuvunjika na wakubwa kukimbia? Je, uliondoka na bunduki? Uliipeleka wapi? Ulikaa siku ngapi au miaka mingapi? Ulikuja mwenyewe, au ulikamatwa? Je, katikati ulifanya kazi ya adui au ulinyanganya watu mali zao? Mtu aliyekuja mwenyewe, mapema, bila damu mikononi, hasimami mahali pamoja na aliyekamatwa njiani na bunduki ya Serikali akiwatoza watu pesa. Hakimu anaweza kuona sababu za kupunguza adhabu. Lakini hawezi kuziona kama hakuna mtu anayezieleza.

NCHI NYINGINE ZINAFANYAJE?

Tutazame kwa muda mfupi nchi moja ya mbali, Marekani, kwa sababu kule jambo hili limeandikwa wazi sana.

Askari wa Marekani akiondoka, anapewa karatasi moja inayoitwa fomu DD 214. Juu yake wanaandika aliondoka kwa heshima au bila heshima. Wanaandika sababu. Tena wanaandika alama fupi inayojulisha kama anaweza kurudi. Katika jeshi la nchi kavu, alama 1 maana yake mlango uko wazi. Alama 3 maana yake kuna kizuizi, lakini anaweza kuomba ruhusa ya pekee. Alama 4 maana yake mlango umefungwa. Mtu akifika ofisi ya kuandikisha askari, kitu cha kwanza wanachotazama ni alama hiyo.

Aliyepewa alama mbaya ana njia mbili. Kama ana alama ya 3, anaweza kuomba kizuizi kiondolewe, akileta ushahidi kwamba ile shida ya zamani imekwisha. Au anaweza kusema karatasi yenyewe si ya haki. Hapo anakwenda mbele ya baraza la kupitia upya namna alivyoachishwa, naye ana miaka 15 ya kufanya hivyo. Kuna baraza lingine la kusahihisha maandishi ya jeshi, nalo linaweza kubadilisha hata ile alama.

Mfano wa karibuni ni huu. Mwezi wa Agosti 2021 waziri wa ulinzi wa kule aliamuru askari wote wachanjwe dhidi ya Covid. Zaidi ya askari 8,000 waliokataa waliondolewa. Amri hiyo ilifutwa Januari 2023, na tarehe 27 Januari 2025 rais wa nchi aliamuru kwamba wale walioondolewa kwa sababu hiyo tu wanaweza kuomba kurudi. Ona vizuri: hata pale ambapo Serikali yenyewe ilibadilisha mawazo, hawakurudi kama kundi wakipiga ngoma. Kila mmoja alitakiwa kuomba kwa jina lake, na karatasi zake zikatazamwa.

Marekani ni nchi tajiri, nasi hatulingani nayo kwa ofisi wala kwa masanduku ya kutunza maandishi. Lakini kanuni yenyewe haihitaji utajiri. Kanuni inasema: sababu ya kutoka iandikwe, mwenye jambo apate nafasi ya kujitetea, na kurudi kupimwe kwa matendo ya mtu mmoja, si kwa wingi wa bunduki za rafiki zake.

SHERIA YETU INASEMA NINI?

Na sisi tuna kipimo. Kiko katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 189. Kifungu hicho kinasema kwamba wanajeshi wa ngazi zote wapatikane kwa kutazama mambo manne: afya ya mwili, elimu ya kutosha, mwenendo mwema uliothibitishwa, na uwiano wa haki kati ya majimbo.

Shika lile neno: mwenendo mwema uliothibitishwa. Haitoshi mtu kusema "mimi ni mwema". Inatakiwa kuthibitishwa. Kwa hiyo aliyefukuzwa kwa wizi, aliyehukumiwa kwa kubaka, aliyeua raia, hawezi kulalamika kwamba sheria inamwonea ikimfungia mlango. Bunduki ya jeshi ni ya wananchi wote. Kifungu cha 188 kinasema jeshi ni la Jamhuri na liko kwa utumishi wa taifa zima. Wenye bunduki wana haki ya kuuliza wanampa nani.

Wengine wananiambia: "Lakini kulitoka msamaha." Ni kweli. Sheria nambari 14/006 ya tarehe 11 Februari 2014 ilisamehe makosa ya uasi, ya vita na ya kisiasa yaliyofanywa kati ya tarehe 1 Januari 2006 na tarehe 20 Desemba 2013. Lakini ukisoma vizuri utaona mambo matatu. Kwanza, mwenye kuutaka alipaswa kutia sahihi yeye mwenyewe na kuahidi kwamba hatarudia. Pili, haukusamehe mauaji ya kimbari, makosa ya vita, makosa dhidi ya ubinadamu, kubaka wala kuingiza watoto jeshini. Tatu, kosa lililofanywa baada ya ile tarehe ya mwisho halimo ndani yake. Na juu ya yote: kusamehewa kosa ni jambo moja, kukabidhiwa bunduki ya Serikali ni jambo lingine. Ukimsamehe mtu aliyeiba mbuzi wako, haina maana kwamba kesho unampa kuchunga zizi.

MLANGO WA BUNDUKI NA GHARAMA YAKE

Sasa tufike kwenye lile shauri baya ambalo wengine wanampa mtoto wa yule mama: "Ingia porini kwanza, utarudi na cheo." Shauri hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Vijana waliliona kwa macho. Tukumbuke mambo mawili.

La kwanza ni la Kitona, huko magharibi ya nchi. Baada ya utawala wa Mobutu kuanguka tarehe 17 Mei 1997, maelfu ya askari wa jeshi la zamani walipelekwa katika kambi ya Kitona kwa kile kilichoitwa mafundisho mapya. Hali yao ya maisha ilikuwa mbaya. Hawakuwa askari kamili, hawakuwa raia. Hakuna aliyewaambia mmoja mmoja: wewe unarudi, wewe huwezi kurudi, wewe utahukumiwa. Mwanzoni mwa Agosti 1998, wakati vita ya pili ilipoanza mashariki, ndege zilitoka Goma zikashusha wapiganaji huko Kitona. Wengi kati ya wale askari waliosahauliwa walijiunga nao, wakaelekea Kinshasa. Watu wa mji mkuu walikaa bila umeme, kwa maana bwawa la Inga lilikuwa limekamatwa. Mtu uliyemwacha mlangoni bila jibu, yeyote atakayekuja na jibu atamchukua.

La pili ni la hapa kwetu Kivu. Tarehe 23 Machi 2009 Serikali na kundi la CNDP walitia sahihi mapatano. Wapiganaji waliingizwa jeshini kwa wingi, na wakubwa wao walipewa vyeo. Mmoja wao, Bosco Ntaganda, alipokelewa kama jenerali hali Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilikuwa imekwisha kutoa hati ya kumkamata. Kipimo cha mwenendo mwema hakikutumiwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2012, sehemu ya askari hao hao waliasi. Wakajiita M23 kufuatana na tarehe ya yale mapatano. Tarehe 20 Novemba 2012 waliingia Goma. Walishindwa mwaka 2013, lakini mwishoni mwa 2021 kundi hilo likaanza tena vita, na Januari 2025 likaingia Goma mara nyingine. Ntaganda mwenyewe alihukumiwa na ile Mahakama mwaka 2019, akapewa miaka 30 ya kifungo.

Sisemi mapatano ni mabaya. Vita haiishi bila watu kuketi pamoja. Ninasema hivi: kila mara tulipofanya cheo cha jeshi kuwa zawadi ya uasi, tulimfundisha kijana kwamba njia ya mkato ya kupanda cheo inapita porini. Na yule askari mnyenyekevu aliyetoka kwa karatasi, akarudisha bunduki, akalima mihogo yake, alituona tunamcheka. Amani inayowapa chakula wapigaji na kuwaacha na njaa waliotii haiwezi kudumu.

Ndiyo sababu, mpango mpya wa kuvua silaha na kurudisha watu katika maisha ya raia, ulioundwa kwa agizo la rais la tarehe 4 Julai 2021, ulitaka kuacha desturi ile ya kuingiza makundi mazima jeshini. Unatilia mkazo kurudi kijijini, kazi, na maelewano na majirani.

Kuna pia neno juu ya jeshi la akiba, lililoundwa kwa sheria mwaka 2023. Wengine wanadhani mtu akijiita mzalendo na kushika bunduki, basi amekwisha kuwa askari, na makosa yake ya zamani yamefutwa. Sivyo. Kupenda nchi ni jambo zuri, na kifungu cha 63 cha Katiba kinasema kulinda nchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Lakini kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda kikosi chake au kuweka vijana wenye silaha, na kinaita jambo hilo uhaini mkubwa. Askari wa akiba ni yule aliyeandikwa na Serikali kufuatana na sheria, si yule aliyeandikwa na komanda wake katika daftari la porini.

BASI AFANYE NINI?

Wewe ambaye ulitoka jeshini vibaya, au wewe mama au mke wa mtu huyo, fuateni hatua hizi.

Hatua ya kwanza: jua jina la hali yako. Je, ulistaafu, uliachishwa, ulifukuzwa, ulihukumiwa, au ulitoroka? Usiseme "niliacha". Andika tarehe, kikosi, mahali, jina la komanda wako, na sababu. Andika sasa, kabla kumbukumbu hazijapotea.

Hatua ya pili: kusanya karatasi, lakini kwa akili. Karatasi ya kuachishwa, barua ya kufukuzwa, hukumu, karte ya jeshi, karatasi za hospitali. Kama una njia, toa kopi. Walakini kumbuka kwamba karatasi inayokusaidia mbele ya hakimu inaweza kukuua kwenye kizuizi cha barabarani. Usitembee nayo katika njia zenye makundi ya silaha. Iache kwa mtu mwaminifu, au kwa avokati.

Hatua ya tatu: tafuta shauri la mwenye kujua sheria kabla ya kujionyesha. Kifungu cha 19 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe au kuteteliwa na mtu aliyemchagua. Vyama vya avokati vina ofisi za kusaidia wasio na pesa. Aliyetoroka asiende peke yake usiku kambini. Aende mchana, pamoja na avokati au mtu anayejulikana, kwenye oditora ya jeshi, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi, na familia ijue siku na mahali. Pale ambapo ofisi hizo hazifanyi kazi kwa ajili ya vita, asihatarishe maisha. Aandike maelezo yake, ayape tarehe, amwachie avokati, na angoje njia iwe salama.

Hatua ya nne: kama una bunduki, usiilete kambini kwa wahamiaji na usimpe mke au mtoto aifiche. Kambi yenye bunduki si kimbilio tena. Mwambie kwanza avokati, au mkubwa unayemwamini, ipangwe namna ya kuikabidhi kwa Serikali mbele ya mashahidi.

Hatua ya tano: kama ulifukuzwa na unaona ulionewa, andika malalamiko kwa mkubwa aliyetoa uamuzi, na baki na kopi yenye alama ya kupokelewa. Akikataa au akinyamaza, kuna mahakama za mambo ya utawala. Kwa maamuzi ya wakubwa wa taifa, kifungu cha 155 cha Katiba kinatoa kazi hiyo kwa Conseil d'État. Muda wa kulalamika umewekwa na sheria, nao ni mfupi. Kwa hiyo muulize avokati mara moja, usingoje mwaka.

Hatua ya sita: kama ulihukumiwa na adhabu yako ikawa kuondolewa jeshini, na muda wa kukata rufani umekwisha, kubali ukweli: huo mlango umefungwa. Asikudanganye mtu anayedai pesa ili "akupangie nambari". Nambari ya jeshi hainunuliwi. Anayeiuza anakuuzia kifungo.

NENO KWA WAKUBWA WA MITAA

Baba sefu, mama mkubwa wa kartie, mwami, mchungaji: kijana atakuja kwako akiomba karatasi ya mwenendo mwema. Karatasi hiyo ni kazi nzito. Ukiandika uongo kwa sababu ya mbuzi au undugu, umeshiriki kumpa bunduki mtu usiyemjua. Ukimnyima mtu mwema kwa sababu ya kabila lake au ugomvi wa shamba, umemsukuma porini.

Basi fanya hivi. Andika yale tu unayoyajua kwa kweli: ameishi hapa tangu lini, anafanya kazi gani, ana ugomvi au hana. Usiandike juu ya mahali ambapo hukuwa. Kabla ya kutia sahihi, sikiliza watu, na hasa wanawake. Lakini usiwaite barazani mbele ya watu wote na kuuliza, "Nani aliyetendewa vibaya na huyu?" Hakuna mwanamke atakayejibu. Mpe kila mtu nafasi ya kusema faraghani, pamoja na mama anayeheshimiwa. Ukisikia habari ya kubaka au kuua, usiimalize kwa mbuzi na pombe. Hiyo si kesi ya baraza. Kongo ilikubali mkataba wa Roma mwaka 2002, na makosa makubwa ya namna hiyo hayaozi kwa kupita miaka.

Na anayekuja kuchukua watoto, asipate nafasi kwako. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kuingiza mtoto aliye chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kundi la silaha, na adhabu ni kifungo cha miaka 10 hadi 20. Kadogo wa zamani aliyeachishwa haitwi mtoro. Yeye alikosewa, hakukosa.

NENO KWA FAMILIA

Mama uliyetuuliza, mwambie mtoto wako hivi: "Hujatoka jeshini, mwanangu, umepotea tu. Tafuta avokati, andika habari zako, na ujionyeshe kwa njia iliyo salama. Labda watakurudisha kazini, labda watakuadhibu, labda watakuachisha. Lakini ukipitia porini, hata ukirudi na nyota begani, nyumba nyingine zitakuwa zimechomwa ili wewe uzipate, na watoto wa watu wengine watakuja kulala hapa kambini pamoja na wetu."

Na sheria ikimkataa, asione kwamba amekwisha kuwa si mtu. Mtu anaweza kukosa kufaa kwa bunduki na kufaa kwa jembe, kwa nyundo, kwa mtumbwi, kwa biashara ndogo. Sisi majirani tusimwite "mtoro" kila anapopita kwenye kisima. Neno hilo likirudiwa kila siku linakuwa barua ya kumwita porini. Na sisi sote tuwakumbushe Serikali na mashirika ahadi wanazotoa kwa wanaoacha silaha. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba zaidi ya watu 100, yaani wapiganaji waliojitoa, wake zao na watoto wao, walikufa kwa njaa na magonjwa katika kambi ya Kotakoli. Habari kama hiyo inafika porini haraka kuliko radio yetu, na kila anayeisikia anashika bunduki yake kwa nguvu zaidi.

TUFUNGE

Wapendwa, tushike mambo matatu tunapoachana. Kwanza: namna ya kutoka jeshini iandikwe na ijulikane, kwa maana aliyetoroka bado hajatoka. Pili: kurudi ni kwa mtu mmoja mmoja, kwa kipimo cha mwenendo mwema, si kwa kundi wala kwa vitisho. Tatu: aliyefungiwa mlango wa jeshi asifungiwe mlango wa kijiji.

Someni karatasi hii pamoja, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, kiisha mjadiliane. Kama kuna kijana kama yule katika hema ya jirani, mkaribisheni naye asikilize, na mpeni nafasi ya kuuliza.

Mkae na amani.